Shaba Imevaa Koti

Namba niliyoandika ilikuwa 132. Niliiandika saa tano usiku kwenye jedwali la sura ya nne ya tasnifu yangu, nikahifadhi, kisha nikafunga kompyuta haraka kama mtu anayefunika sufuria ya ugali ulioungua kabla wageni hawajasikia harufu. Haikuwa namba yangu. Mashine ilikuwa imenipa 106.

Hizo ni nyuzi za Selsiasi, na zinahusu unga mweusi uliokuwa umenila mwaka mzima na pesa za watu watatu. Unga wenyewe ni shaba na seleni: atomu mbili za shaba kwa kila atomu moja ya seleni. Kwa macho hauna lolote, unafanana na masizi ya jiko la makaa. Lakini ukiupasha joto polepole, ukikaribia nyuzi 130 hivi, kuna kitu kinatokea ndani yake. Hauyeyuki. Hauwaki. Kwa nje ni unga ule ule. Ndani, atomu za shaba zilizokuwa zimekaa kila moja mahali pake zinaachilia viti na kuanza kutembea. Wanafizikia huliita badiliko la awamu, na huwa linaacha alama: unga unanyonya joto la ziada kwa muda mfupi, na kwenye grafu ya mashine kunachomoza kilima. Kilele cha kilima hicho ndicho unachoandika kwenye jedwali.

Kilima changu kilikuwa mahali pabaya, tena hakikuwa kilima cha maana. Kilikuwa kipana, kimelala, kama tuta la barabara ya mtaa wetu baada ya malori ya mchanga kulipitia msimu mzima.

"Si uandike tu 132," mwenzangu wa maabara aliniambia. "Makala zote zinasema ni kati ya 125 na 140. Weka hapo katikati usonge mbele, bana. Kwani nani atakuja kupima tena?"

Simlaumu. Alikuwa anasubiri msimamizi wake asome sura moja tangu Februari, na hapo ilikuwa Agosti. Mtu akikaa hivyo anaanza kuiona tasnifu kama foleni ya kitambulisho, cha muhimu ni kufika dirishani. Na mimi nilikuwa na Desemba yangu. Mama alikuwa amechukua mkopo wa chama kulipia vipimo vyangu, na wanawake wote wa chama walijua nitahitimu Desemba. Kitenge kilikuwa kimenunuliwa tayari. Kilikuwa cha bluu, chenye ndege.

*

Niliingia kwenye mambo haya kwa sababu ya joto linalopotea. Panda matatu yoyote mchana wa Januari, ukae kiti cha mbele juu ya injini, utajua ninachosema. Sehemu kubwa ya mafuta anayonunua dereva inaishia kuwa joto la kukuchoma mapaja. Mwaka 1821 Mjerumani mmoja, Thomas Johann Seebeck, aliona kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti kuwa pete na upashe moto kiungo kimoja huku kingine kikiwa baridi, sindano ya dira iliyo karibu inageuka. Joto lilikuwa linasukuma umeme. Hakuna pangaboi, hakuna mvuke, hakuna kitu kinachozunguka. Vyombo viwili vya Voyager vilivyorushwa angani mwaka 1977 vinaishi kwa kanuni hiyo hadi leo: plutoniamu inatoa joto, vipande vya silikoni na jerimani vinaligeuza kuwa umeme, na hakuna fundi aliyewahi kwenda kuvipaka grisi.

Ugumu ni kwamba kitu cha kufanya kazi hiyo lazima kiwe na tabia mbili zinazogombana. Kipitishe umeme vizuri, lakini kizuie joto, kwa sababu joto likivuka haraka pande zote mbili zinakuwa na moto sawa na umeme unakoma. Vitu vingi vinavyopitisha umeme hupitisha joto pia. Muulize yeyote aliyewahi kushika sufuria ya alumini bila kitambaa.

Mwaka 2012 watafiti wa Shanghai pamoja na wenzao walichapisha kwenye jarida la Nature Materials habari ya shaba na seleni. Walieleza kwamba juu ya lile badiliko nililolitaja, seleni inabaki imesimama kama nguzo za jengo, lakini shaba inatiririka katikati ya nguzo karibu kama kimiminika. Umeme unapita bila shida. Joto, ambalo ndani ya kitu kigumu husafiri kama mitetemo, linapotelea kwenye vurugu ya shaba. Kuna kipimo cha ubora wa vitu hivi kinachoitwa zT. Vipande vya bismathi na teluri vilivyouzwa madukani kwa miongo mingi hukaa karibu na 1. Hii ya shaba ilifika 1.5, kwenye joto la nyuzi 700 na ushei.

Nilisoma makala hiyo nikiwa mwaka wa nne, kwenye simu, ndani ya matatu, nikapitiliza steji yangu. Kilichonishika ni shaba yenyewe. Si madini ya kutafuta kwa tochi. Jirani zetu wa Kongo wana nyingi hivi kwamba mkoa wa Katanga uliwahi kuitwa Shaba, kwa Kiswahili hicho hicho chetu, hadi mwaka 1997. Mjomba wangu anashinda ameizungushia mikono siku nzima Kariobangi. Nikaona hii ni sayansi ninayoweza kuigusa.

*

Upishi wake kwenye karatasi ni rahisi kuliko pilau. Ukitaka gramu 5, unapima gramu 3.08 za unga wa shaba na 1.92 za seleni, unatia kwenye mrija wa kwatzi, unanyonya hewa yote, unaziba mdomo wa mrija kwa moto wa gesi, kisha unaingiza kwenye tanuri.

Mrija wa kwanza ulipasuka. Seleni huyeyuka kwenye nyuzi 221 na huchemka karibu na 685, na mimi, kwa haraka ya kuwahi basi, nilikuwa nimepandisha joto upesi kuliko shaba ilivyoweza kuimeza seleni. Mvuke ukakosa pa kwenda. Nilisikia mlio mdogo tu, kama mtu amekanyaga chupa ya plastiki, halafu harufu ya figili iliyooza. Tulifungua madirisha yote, tukasimama nje kwenye veranda saa nzima. Seleni si kitu cha kuchezea pua.

Mrija wa pili niliupandisha joto kwa siku mbili, kiungwana. Nikapata unga wangu. Nikausaga, nikapima kipande kidogo kwenye taasisi nyingine iliyo na mashine, kwa bei ya kila sampuli ambayo sitaitaja kwa sababu Mama husoma ninachoandika. Ndiyo siku ya 106. Ndiyo usiku wa 132.

Wiki iliyofuata wahadhiri waligoma. Maabara ikafungwa. Unga wangu ukabaki kwenye droo, ndani ya kichupa chenye kifuniko kilicholegea, kwa miezi miwili na nusu, na mvua za Oktoba zikaja zikiwa na unyevu wao wote.

Mgomo ulipoisha, msimamizi wangu alisoma sura ya nne. Alikuwa mtu wa maneno machache, wa kuvaa sweta hata Februari. Akatia kidole kwenye jedwali.

"Hii 132 umepima mara ngapi?"

"Mara moja, Daktari."

"Rudia. Tukiona imejirudia, tunaendelea."

Nilikopa tena, nikarudia. Grafu iliyokuja ilikuwa karibu mstari ulionyooka. Ukiinamisha kichwa ungeweza kuona kauvimbe kadogo mahali fulani chini ya 100, au ungeweza kuamua hukuona kitu. Unga ule ule, kichupa kile kile, na badiliko lenyewe lilikuwa linatoweka.

Na tayari nilishaanza kuona 132 inanidai. Ukiandika kwamba kilima kiko pale, mtu atakuuliza ukubwa wake, kwa sababu eneo chini ya kilima ni kiasi cha joto kilichonyonywa. Eneo langu lilikuwa dogo mno kwa unga ulio sawa. Basi nibadilishe eneo. Kulikuwa na picha za eksirei pia. Unga wenye shaba kamili, ukiwa baridi, unapaswa kuonyesha mpangilio mmoja, ule wa viti vilivyokaliwa. Wangu ulionyesha mipangilio miwili imechanganyika, huo pamoja na ule ambao ungetarajiwa kuonekana kwenye joto tu. Basi nibadilishe na eksirei? Nilikaa mbele ya kompyuta nikihesabu ni vitu vingapi ningelazimika kuvigusa ili namba moja isimame. Nilifika saba nikaacha.

*

Nilienda Kariobangi kukopa, sikuenda kujifunza. Mjomba wangu ni fundi wa mota. Pampu ya maji ikiungua, posho mill ikigoma, wanamletea. Anatoa nyaya zote zilizoungua na kusuka nyingine mpya, mzunguko kwa mzunguko, akihesabu kwa midomo. Ananiita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Hata akinikaripia anasema, "Mama, hapana."

Alikuwa anaunganisha waya. Kabla ya kuweka solda alichukua kisu akaukwangua mwisho wa waya hadi ukang'aa rangi ya waridi, halafu ndipo akagusa na chuma cha moto.

"Lazima ukwangue kila mara?" nikauliza, kwa kupoteza muda kabla ya kutaja pesa.

"Kuna vanishi. Na hata kama hakuna vanishi, kopa ikikaa nje inavaa koti. Solda haishiki koti."

Mimi, kwa kujishaua kidogo, nikatoa kichupa changu cha unga wa shaba, ule wa maabara, uliosalia. Nilitaka kumwonyesha kopa ya wasomi. Alijimwagia kidogo kwenye kiganja, akausogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Hii ndiyo mnatumia?"

"Ndiyo. Ni safi asilimia 99 na kitu."

"Ilikuwa. Angalia rangi. Hii imevaa koti, Mama. Yote. Tena ni unga, kila chembe ina koti lake." Akaupuliza ukabaki kahawia kwenye mistari ya kiganja. "Mnanunua kwa uzito?"

"Tunapima kwa mizani, eeh."

"Basi mnalipia koti. Mtu wa skrepu akikuletea waya na plastiki yake, unapima plastiki ukidhani ni kopa."

Akarudi kwenye mota yake. Mambo ya uzito wa shaba anayajua kwa uchungu. Januari 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya watu kubomoa nguzo na transfoma za umeme, alilala seli usiku mmoja kwa ajili ya mfuko wa nyaya za mota zilizoungua. Hadi marufuku ilipoondolewa miezi michache baadaye alikuwa anahifadhi kila risiti kwenye bahasha, ndani ya Biblia.

Mimi nilikuwa nimesimama tu. Gramu 3.08. Nilikuwa nimepima gramu 3.08 za kitu ambacho sehemu yake haikuwa shaba bali oksijeni iliyoshikana na shaba. Kichupa hicho kilikuwa kimefunguliwa na wanafunzi wangapi kabla yangu, miaka mingapi? Hakuna kibaya kilichotokea kwenye tanuri wala kwenye mashine. Nilikosa shaba tangu kwenye mizani.

Sikukopa siku hiyo. Nilisahau.

*

Ni shaba kidogo kiasi gani? Hapa ndipo ninapopapenda, kwa hivyo nivumilie. Unga kamili una atomu 200 za shaba kwa kila 100 za seleni. Tuseme umekosea ukapata 195. Kwenye gramu zangu 5, hiyo ni pungufu ya kama gramu 0.08. Punje tatu nne za mchele. Kwa upungufu huo badiliko linaanza mapema, kwenye joto la chini, na halitokei kwa mkupuo, linajiburuta. Ukifika 180, yaani punje kama kumi na tatu za mchele, unga hauna tena cha kubadilika, kwa sababu hata ukiwa baridi mezani tayari uko kwenye ule mpangilio wa wazi ambao unga kamili huufikia kwenye joto tu. Pasha upendavyo, grafu itanyooka.

Sababu yake nimewahi kumweleza mwenzangu kwa mfano wa matatu ya watu kumi na wanne. Viti vyote vikijaa, na kila abiria ana mzigo mapajani, hakuna anayehama hata akitaka. Inabidi kuwe na joto kali sana ndani ndipo watu waanze kusukumana. Lakini konda akiwaacha watu wawili steji, kuna nafasi. Mmoja anasogea dirishani, mwingine anachukua kiti chake, mzigo unahamia nyuma, na hata kabla ya kufika Pangani hakuna anayekumbuka alikaa wapi. Mfano haufiki mbali, atomu hazilipi nauli, lakini viti vitupu kweli ndivyo vinavyorahisisha fujo.

Kuna la pili, na hili ndilo lililokula unga wangu ndani ya droo. Shaba iliyo ndani ya unga huu haitulii hata ukiwa baridi. Inasogea. Ikifika juu ya chembe na kukuta hewa yenye unyevu, inashikana na oksijeni na kubaki nje. Unga uliosagwa vizuri una uso mwingi, kwa hivyo milango ya kutokea ni mingi. Miezi miwili na nusu ya mgomo ilikuwa inatoa abiria mmoja mmoja. Unga niliopima Novemba haukuwa tena ule niliopima Agosti, ingawa lebo ilikuwa ile ile kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Haya yote yalikuwa yameandikwa. Si ugunduzi wa mtu. Nilikuwa hata nimeyataja kwenye sura ya pili ya tasnifu, kwa sentensi nzuri yenye rejeo, bila kuamini kwamba yananihusu.

*

Nilimwambia msimamizi wangu Jumatatu. Nilikuwa nimejiandaa hotuba, ikaisha kwenye mlango.

"Daktari, ile 132 si yangu. Mashine ilisema 106."

Alivua miwani. Nje mtu alikuwa anakata nyasi kwa mashine inayokohoa, na tukaisikiliza sote wawili kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Nani mwingine ameiona hiyo 132?"

"Wewe tu."

"Na 106 unayo? Grafu yenyewe?"

Nilikuwa nayo. Nikaitandaza mezani pamoja na ile ya Novemba. Akaziangalia kwa zamu, akaanza kuuliza maswali ya kawaida kabisa: kichupa kilikuwa wapi, shaba ilikuwa ya mwaka gani, tulisaga saa ngapi. Sikujua kama nimesamehewa. Mwishoni akasema, "Hizi mbili ndizo matokeo. Ile nyingine iondoe, na usiniletee tena kitu kama hicho." Kisha akaongeza kwamba kwa hali hiyo sitawahi Desemba.

Sikuwahi. Nililipa muhula mwingine. Mwenzangu alihitimu, nami ndiye niliyempiga picha akiwa na joho chini ya ule mti ambao kila mtu hupigwa picha chini yake. Sikuuliza kuhusu jedwali lake, na hakunieleza. Mama aliikunja kitenge akairudisha kwenye sanduku na kuwaambia wanawake wa chama kwamba kulikuwa na mgomo, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Muhula huo nilipika upya. Nilianza kwa kuosha shaba kwa asidi iliyozimuliwa hadi koti likayeyuka, nikasuuza, nikaikausha bila hewa kuigusa, nikapima papo hapo. Sijawahi kuona shaba ya rangi ile, kama ndani ya mdomo wa mtoto. Kisha nikatengeneza unga tano: mmoja wa 200 kamili, na minne niliyoinyima shaba makusudi, kidogo kidogo hadi 180. Unga wa 200 ulinipa kilima chembamba, kirefu, kwenye 131. Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha mashine. Nilikuwa nimedanganya kwa nyuzi moja.

Minne iliyofuata ilishuka kwa mpangilio, kila mmoja chini ya mwenzake, hadi wa mwisho ambao haukuonyesha kitu. 106 yangu ya Agosti iliingia humo katikati bila kusukumwa.

Sikuwa wa kwanza kuteleza karibu na badiliko hili, na hilo lilinituliza kidogo. Mwaka 2013 kuna waliotia iodini kidogo badala ya baadhi ya seleni, na badiliko likashuka kuelekea kwenye joto la chini zaidi. Wakaripoti zT ya 2.3 pale pale karibu na nyuzi 127. Namba hiyo ilishangaza watu, na wengine wakaihoji. Pale ambapo kitu kinabadilika, kila kipimo kinayumba: joto linalonyonywa na badiliko lenyewe linaweza kuhesabiwa kama tabia ya kawaida ya kitu, au lisihesabiwe, na hapo jibu linabadilika sana. Hao walipima kwa bidii na wakabishana hadharani. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na kompyuta.

Halafu kuna historia ambayo ningepaswa kuanza nayo. Kampuni ya 3M ya Marekani ilitengeneza vipande vya shaba, fedha na seleni miaka ya 1970, na vikafanyiwa majaribio kwa ajili ya vyombo vya anga. Kwa namba vilikuwa vizuri mno. Lakini umeme ulipopita, shaba ile inayotiririka ilisukumwa upande mmoja na kujikusanya kama metali, na seleni ikawa inavukiza. Mradi ukaachwa. Kile kile kinachokifanya kitu hiki kizuie joto ndicho kinachokifanya kibomoke. Mwaka 2018 watafiti wa Shanghai tena walionyesha kwamba shaba haijikusanyi hadi volteji ivuke kiwango fulani, na kwamba ukikata kipande vipande na kuweka kati yake tabaka linaloruhusu umeme lakini linazuia shaba, unaweza kukaa chini ya kiwango hicho. Na unga ulionyimwa shaba kidogo huvumilia zaidi kabla ya kuitema. Kwa hivyo ule ninaouita mbovu ni mbovu kwa volteji, lakini ni mstahimilivu. Bado sijui niupende upi.

*

Niliwasilisha Juni. Julai nilimpelekea mjomba vipande viwili vidogo kama vidonge vya maumivu, vya kijivu, kimoja cha 200 na kimoja cha 180. Sikumwambia kipi ni kipi. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, mimi mwenyewe nilikuwa nimeviweka kwenye mifuko miwili ya simu.

Alikipachika cha kwanza juu ya kipande cha chuma baridi, akagusa juu yake kwa chuma cha kulehemu solda, akaweka ncha mbili za mita yake, mita ya njano ya mia nane ambayo skrini yake imefungwa kwa selotepu. Ikasoma millivolti 2 na pointi. Akashika dakika moja, haikupanda.

Akaweka cha pili. Mita ikapanda 5, 7, ikasimama 9.

"Hiki," akasema. "Hiki ndicho kina kopa yote."

Nikamuuliza amejuaje. Nilidhani mtu angetegemea kinyume, kwamba chenye shaba nyingi ndicho kitakachofanana zaidi na waya, na waya haitoi chochote ukiipasha moto hivyo.

"Wewe ulinitazama usoni wakati kilipanda," akasema.

Tukacheka. Nikamweleza kwamba kila atomu ya shaba inayokosekana inaacha nafasi inayobeba umeme, na wabebaji wakizidi, msukumo wa joto unakuwa mdogo, ndiyo maana kile pungufu kilitoa 2. Alisikiliza huku anakigeuza kile kizuri kati ya vidole.

"Millivolti tisa," akasema. "Inawasha nini?"

"Haiwashi kitu, mjomba. Ukipanga vingi pamoja labda taa ndogo."

"Vingapi?"

Nikaanza kuhesabu. Taa ndogo nyekundu inataka volti 2 hivi, kwa hivyo ni zaidi ya mia mbili, na hapo sijataja kwamba lazima vipatikane vya aina ya pili vya kushirikiana navyo. Akapiga mluzi. Mteja akaja na pampu iliyolowa, wakaanza kubishana kuhusu bei, na alipoondoka nikaona kile kizuri kimeingia kwenye kikopo cha skrubu zake, pamoja na kile kibovu.

"Mjomba, nitavitofautishaje sasa?"

"Mita iko hapo," akasema, akavuta pampu karibu na kuanza kuifungua.